Miwani Mfukoni



Alhamisi moja ya mwezi wa Julai, baada ya swala ya alasiri, mpwa wangu alinijia msikitini Makina, katika Kibera, ili anipeleke Kawangware, ambako husomesha darsa la watu wazima baina ya magharibi na isha. Huyu ni mtoto wa dada yangu aliyeko Mombasa. Alikuja Nairobi kutafuta riziki, akaipata juu ya pikipiki, na kituo chake ni pale Kawangware 46, mahali palipopewa jina kwa nambari ya basi. Kila Alhamisi hunichukua wala hapokei nauli, ingawa nikishuka humtilia kitu mfukoni kwa nguvu.

Alinipa kofia ngumu ya abiria, helmeti kama waiitavyo vijana. Nikafanya nilivyozoea. Nilivua kofia yangu ya kushona, nikaikunja nikaitia mkobani. Kisha nikavua miwani, nikaitia katika mfuko wa kanzu. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikifanya hivyo, kwa kuwa helmeti ile na miwani yangu havikai pamoja. Mikono ya miwani hukandamizwa juu ya masikio hata mtu akifika aendako ahisi kichwa kinapasuka. Nikajiambia kwamba mimi ni abiria tu, na abiria hana haja ya kuona njia. Anayeona ni dereva.

Tukapanda hadi Barabara ya Ngong, tukapita Dagoretti Corner, tukaingia Barabara ya Naivasha. Jua lilikuwa limekwisha kuzama. Karibu na soko alitokea mwenye mkokoteni wa mitungi ya maji, akakata njia polepole kama wafanyavyo wenye mikokoteni wote, na mpwa wangu akamwona pale ambapo palikuwa hapana tena nafasi ya kumwona. Alishika breki, pikipiki ikateleza, tukaanguka kiubavu. Alhamdulillahi, mwendo ulikuwa mdogo. Mimi nilichubuka goti na kiwiko, yeye kiganja, na mtungi mmoja wa yule bwana ulipasuka maji yakamwagika.

"Kwani wewe huoni?" akauliza mwenye mkokoteni.

Mpwa wangu hakumjibu. Alitia mkono ndani ya jaketi lake, akatoa miwani, akaivaa ili autazame mtungi uliopasuka. Na mimi wakati ule ule nilikuwa nimekwisha kuitoa yangu mfukoni nipate kulitazama goti langu. Tukatazamana. Watu waliokuwa wamekusanyika wakaangua kicheko, na Wallahi walikuwa na haki: wasioona wawili juu ya pikipiki moja, kila mmoja akimtegemea mwenziwe.

Tulimlipa yule bwana mtungi wake na maji yake. Kisha tukakaa kwenye ukingo wa duka, na kijana akaniambia jambo la kwanza lililokuwa moyoni mwake. "Mjomba, tafadhali usimwambie mama."

La pili lilikuwa maelezo yake, nami nayaleta hapa kama alivyoyasema kwa kuwa naamini wako wengi mfano wake. Akivaa vyote viwili, baada ya saa moja masikio yanawaka moto. Asubuhi za baridi lenzi hujaa ukungu asione hata taa za gari lililo mbele. Akivua helmeti, polisi watamkamata. "Lakini nikivua miwani, Mjomba, hakuna anayejua."

Neno hilo lilinichoma, maana juma lile lile nilikuwa nimesomesha juu ya kumcha Mwenyezi Mungu pale usipoonwa na mtu. Ningeweza kumkumbusha. Lakini mimi niliyekuwa nimeketi nyuma yake na miwani yangu mfukoni ningemkumbusha kwa ulimi gani? Nilimwambia tu kwamba siku ya Jumamosi tutakwenda pamoja mjini kutafuta kofia inayokubali miwani, na mpaka siku hiyo asipakie mtu, na akiendesha peke yake aendeshe mchana, miwani ikiwa machoni.

Kuna watu wetu, na baadhi yao ni watu wa elimu, wanaoiona kofia ngumu kuwa ni upungufu wa kutawakali. Husema ajali ikiandikwa imeandikwa. Hawa nawaomba waisome tena sira. Siku ya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, alivaa kofia ya chuma, ikapigwa ikavunjika juu ya kichwa chake kitukufu, na pete zake zikamwingia shavuni. Miaka mitano baadaye, alipoingia Makka siku ya ushindi, Anas bin Malik amepokea kwamba alikuwa tena na mighfar kichwani. Haikuwa kwamba kwa kuwa ile ya kwanza ilivunjika basi ameacha kuvaa. Na wenye Kiarabu watakumbuka kwamba mighfar na maghfira ni watoto wa asili moja, nayo ni kufunika na kuhifadhi.

Hizi za pikipiki zina historia yao pia. Yule Mwingereza Lawrence, aliyejulikana kwa vita vya nchi za Waarabu, alianguka kwa pikipiki mwezi Mei 1935 bila kitu kichwani, akafa baada ya siku sita. Miongoni mwa madaktari waliomtazama alikuwamo Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Cairns hakuliacha jambo lile. Aliwachunguza askari wapanda pikipiki waliokuwa wakiumia vichwa, na mwaka 1941 akachapisha matokeo yake, na jeshi la Uingereza likawalazimisha wapanda pikipiki wake kuvaa. Raia wa nchi ile walingoja sheria hadi 1973. Uchunguzi uliokusanya tafiti za nchi nyingi, uliotolewa mwaka 2008, ulikadiria kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa kiasi cha asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Sheria yetu ya Kenya nayo yamtaka dereva na abiria wote wavae, na abiria awe mmoja tu, ijapokuwa hapa Kibera nimeshuhudia baba, mama, watoto wawili na gunia la makaa juu ya chombo kimoja.

Basi Jumamosi tulikwenda Barabara ya Kirinyaga, ambako maduka ya vipuri yamepangana, tukashinda huko mpaka adhuhuri ikatukuta.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba wauzaji wengi hawakupi muda. Unaivaa, anakuambia imekukaa, anataka pesa. Nasi tulikuwa na shida ambayo haidhihiriki kwa dakika moja. Maumivu ya mikono ya miwani huanza kama kiwasho, baada ya robo saa yakawa adhabu. Duka la tatu tulimpata muuzaji mwenye subira, naye ndiye aliyetufundisha. Alichukua utepe wa fundi cherehani akampima kijana kichwa, kidogo juu ya nyusi, akauzungusha mpaka sehemu ya kisogoni iliyotokeza zaidi. Kumbe ile aliyokuwa akiivaa siku zote ilikuwa ndogo kwake. Lakini akatuonya tusikimbilie kubwa mno ili miwani ipate nafasi, kwani kofia inayocheza kichwani siku ya ajali huzunguka au huchomoka, na hapo ni kama hukuvaa. Yatakiwa ishike kichwa pande zote, ukiisukuma ngozi ya paji iende nayo, na nafasi ya miwani ipatikane kwenye sponji za mashavuni na za juu ya masikio tu.

Kofia nyingine zina mfereji mdogo ndani ya sponji hizo, umekatwa makusudi kwa mikono ya miwani. Ukitia kidole utausikia. Nyingine sponji zake hutoka, zikaoshwa au zikabadilishwa kwa nyembamba. Ila usikubali fundi akuchongee mfereji katika lile tabaka jeupe gumu lililo nyuma ya sponji, lile lifananalo na maboksi meupe ya kufungia televisheni. Hilo ndilo linaloupokea mshindo badala ya ubongo wako. Kofia nyepesi kama bakuli la plastiki, isiyo na tabaka hilo, ni ya kumwonyesha polisi. Na hii ndiyo sababu sikumruhusu kijana kununua ya mtumba katika soko la Toi, ingawa ilikuwa nzuri machoni na bei yake nusu. Tabaka lile likikwisha kupondwa mara moja halirudi, na kwa nje huoni kitu.

Zipo za namna tatu kwa mwenye miwani. Ya uso wazi ndiyo rahisi kuliko zote, miwani huingia bila taabu, lakini kidevu na meno viko nje. Inayofunika uso mzima hulinda zaidi, nayo ina utaratibu wake: kofia kwanza, kisha miwani ipenyezwe kwa dirisha la mbele, na wakati wa kuvua miwani itangulie. Mimi nilifanya kinyume mara mbili pale dukani nikaipinda fremu. Ya tatu ni ile ambayo sehemu ya kidevu hufunguka ikapanda juu. Unaivaa ikiwa wazi, unaweka miwani yako kwa raha, kisha unaishusha. Kijana aliipenda hii, nami pia, na kwa mwenye kushuka na kupanda mara thelathini kwa siku naona ndiyo inayofaa. Ilikuwa ghali. Tuligawana bei, na sehemu yangu ilikuwa kubwa. Hilo naliandika kwa kuwa dada yangu husoma jarida hili. Tulitazama pia alama ya KEBS, na ile herufi E ndani ya duara iliyoshonwa kwenye mkanda wa kidevu, ambayo ni alama ya kanuni za Umoja wa Mataifa. Alama huigizwa, kwa hiyo tuliutazama na mshono na uzito, si kibandiko peke yake.

Upande wa miwani yenyewe nao una neno. Mikono iliyonyooka na myembamba hupenya. Iliyojikunja kama ndoana nyuma ya sikio hukwama. Fremu nene za pembeni, ambazo vijana wanazipenda kwa urembo, humficha mtu gari litokalo ubavuni. Na lenzi za kioo halisi zikivunjika karibu na jicho ni msiba, za plastiki ni salama zaidi.

Ukungu ulinisumbua mimi kuliko yeye. Sisi watu wa pwani tukipanda huku juu, takribani mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, baridi ya Julai hututia hofu, tukajifunga shali mdomoni. Shali hiyo ndiyo adui. Pumzi ya moto haipati pa kutokea mbele, hupanda juu ikagonga lenzi baridi. Nimeacha shali mdomoni, naifunga shingoni. Kijana hufungua tundu la hewa la kidevuni, na akiwa katika msongamano hukiinua kioo cha mbele upana wa kidole kimoja. Na asubuhi hupaka lenzi sabuni ya maji kidogo sana, akaifuta kwa kitambaa laini mpaka ing'ae. Humtosha saa kadhaa.

Akina mama wamenituma niwaulizie jambo lao, nalo ni la haki. Pini za mtandio chini ya kofia ngumu ni hatari, maana mshindo huzisukuma kichwani. Vaeni kile kitambaa chembamba cha kuvutika, kisichohitaji pini wala fundo kisogoni, kisha kofia juu yake, na mtandio uteremke shingoni. Mwenye nikabu na miwani atapata taabu ile ile ya shali niliyoieleza. Kofia ya uso wazi itamrahisishia. Na buibui likusanywe vyema mapajani, mbali na mnyororo. Nywele na jasho la abiria waliotangulia ni malalamiko mengine ninayoyasikia, na dawa yake ni kitambaa hicho hicho, kila mtu na chake mkobani. Nami siku hizi huvaa kofia nyembamba ya pamba chini ya helmeti. Ile yangu ya kushona, yenye wanga, ilikuwa ikiifanya helmeti ikae juu kama sufuria juu ya mafiga.

Tulipotoka dukani kijana alisimama kando ya njia akafunga mkanda, vidole viwili vikapita chini ya kidevu, akatazama upande huu na ule. Akaanza kusoma mabango ya maduka kwa sauti, moja baada ya jingine, kama mtoto aliyeingia chuoni jana. Sikujua kama alikuwa akinichekesha au alikuwa akifurahi tu.

Jioni ile nilimwambia ampigie mama yake mwenyewe. Alitoka nje ya chumba, akarudi baada ya nusu saa, macho mekundu, akaniambia, "Anakutaka wewe sasa." Nami nikapata fungu langu. Dada yangu hakuuliza juu ya goti. Aliniuliza kama kofia ya abiria nayo tumeibadilisha, na nilipobabaika akakata simu.

Tuliibadilisha Jumanne. Ni ya uso wazi, ina nafasi juu ya masikio kwa miwani ya abiria yeyote. Alhamisi iliyofuata tulipita Barabara ya Naivasha kabla ya magharibi, tukamkuta yule mwenye mkokoteni na mitungi yake. Alitutambua tukiwa mbali, akaegesha mkokoteni pembeni kabisa mwa njia, akasimama mbele yake kuulinda. Kijana akapunguza mwendo, akampungia mkono.

"Leo waona?" akapaza sauti.

"Naona mpaka ufa wa mtungi wako wa tatu!" kijana akamjibu, na yule bwana akainama haraka kuutazama.