Boksi, besiboli na mkeka wa braza

Najua nimepotea, msinisute. Mitihani na boksi vimenibana. Kwa wageni: boksi langu ni kuosha vyombo kwenye bwalo la chuo hapa Los Angeles, saa 20 kwa wiki, maana viza ya mwanafunzi hairuhusu zaidi wakati wa masomo. Ukitoka pale vidole vimenyauka kama wa bibi.

Ugonjwa wa besiboli nimeupatia humo humo jikoni. Kuna mama mmoja wa Kimexico, tunamwita señora, anasugua masufuria huku redio yake ya Kihispania inaunguruma. Yeye na Dodgers ni tangu 1981, enzi za Fernando Valenzuela, kijana wa Kimexico aliyelitikisa jiji hili akiwa na miaka 20. Mwanzoni nilimbishia: mchezo gani huu, watu wamesimama tu kama wanasubiri daladala? Siku hizi mimi ndiye namuuliza matokeo.

Na umbea je? Agosti 2025 jiko zima lilikuwa pete ya Taylor Swift, kachumbiwa na Travis Kelce. Sawa, pete nimeiona, ni jiwe kweli. Ila habari ya staa iliyoniganda mimi ni ya Shohei Ohtani na mkalimani wake.

Ohtani ni yule Mjapani aliyesaini Dodgers Desemba 2023, dola milioni 700 kwa miaka 10. Mkalimani wake, Ippei Mizuhara, alikuwa rafiki na mtu wake wa kila kitu. Machi 2024 ikafichuka: jamaa kachota karibu dola milioni 17 kwenye akaunti ya Ohtani kulipia madeni ya kubeti. Alikuwa anaipigia benki akijifanya yeye ndiye Ohtani! Februari 2025 akala miaka 4 na miezi 9. Sisi jikoni tulicheka sana. Mtu unaibiwaje milioni 17 usijue?

Basi bwana, Septemba 2025 mama akanipigia: mdogo wetu wa mwisho karudishwa ada. Nikamwambia haiwezekani, nilishatuma kwa braza, mwezi wa saba. Mama akanyamaza. Nikajua.

Braza kaiweka yote kwenye mikeka. Kumbe na ile ya muhula wa kwanza aliilipa nusu. Na hela yenyewe naijua sahani kwa sahani, wadau. Nikakopa kwa mshkaji, mtoto akarudi shule, ila braza akawa hapokei simu yangu.

Ikaja Oktoba 27, 2025, fainali, mechi ya tatu, Dodgers na Toronto Blue Jays. Besiboli kawaida ni raundi 9. Ile ilikwama 5-5 tangu raundi ya 7 na ikaendelea tu. Zamu iliisha saa nne usiku, hakuna aliyeondoka, tumekaa juu ya makreti na aproni zimelowa. Ohtani anaogopwa mpaka wapinzani wanaamua kumpa njia bure. Karibu saa sita, raundi ya 18, Freddie Freeman akaupiga mpira ukavuka ukuta, 6-5, kwisha. Señora akanikumbatia na mapovu yake.

Nikashika simu nipige picha. Nakuta meseji ya braza, kwao ni saa nne kasoro asubuhi: "Nisamehe mdogo wangu."

Huyu ni mtu ambaye mpaka leo nampa shikamoo. Alinibeba mgongoni kwenda shule mvua zikinyesha. Hajawahi kuniomba msamaha, hata siku aliyonivunja jino. Nikaandika "yameisha", nikafuta. Nikaandika mengine ambayo siyaweki hapa, nikafuta.

Sijamjibu. Mama kila Jumapili ananiuliza kama nimeongea na kaka yangu, namwambia mtandao unasumbua. Na ada ya muhula ujao sijui nimtumie nani.

Haya, kesho niko zamu saa kumi na moja jioni. Mliopo karibu na bwalo, rudisheni sahani zenu jamani.