Uyoga wa Maziwa: Ziara ya Olmotonyi

Mwenye kutoka mjini Arusha kwa barabara ya Namanga, akifika pande za Ngaramtoni, huuona Mlima Meru kuliani kwake, na chini yake Olmotonyi. Hapo pana Chuo cha Misitu, na misonobari iliyopandwa kwa mistari iliyonyooka kama safu za sala. Baada ya masika, ardhi chini ya miti hiyo huchipua uyoga wa namna nyingi. Ndipo ubishi ulipozuka baina ya vijana wa madrasa niliofuatana nao. Mmoja, mzaliwa wa Tabora, alisema kuwa uyoga ukivunjwa ukatoa maziwa huliwa bila ya shaka. Neno hili halifai kuachwa lipite, kwani sufuria moja yaweza kuwaangamiza watu wa nyumba nzima.

Amma uyoga wa maziwa ni kitu cha kweli. Makao yake makubwa katika nchi yetu ni misitu ya miyombo, toka Tabora hata Iringa na Songea. Nyuzi zake hushikamana na mizizi ya miti hiyo chini ya ardhi: mti huupa uyoga sukari, na uyoga huupa mti maji na chumvi za udongo.

Kuutambua si kazi ngumu. Igeuze kofia yake, utaona vipande vyembamba vimepangana kama kurasa za kitabu. Vikate kwa ukucha. Yatatoka matone, mara nyingi meupe. Na ule unaoliwa Uturuki, uotao chini ya misonobari, matone yake ni ya rangi ya chungwa. Shina huvunjika ghafula kama chaki, wala halichaniki nyuzi nyuzi. Halina pete, wala mfuko chini. Uyoga mkongwe, au ulionyauka kwa jua, huenda usitoe hata tone.

Lakini maziwa hutaja kabila la uyoga tu, hayatoi hukumu ya kuliwa. Zipo aina zenye maziwa makali kama pilipili, zimtapishazo mlaji. Nilimwuliza yule kijana, kwao nani huuchuma? Akajibu: bibi yake, katika pori lile lile, naye kila aina aijua kwa jina. Basi shahidi ni bibi, si maziwa.

Wako watoao hoja ya hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, isifuyo kam'a. Hoja hiyo haifiki hapa. Kam'a ndiyo ijulikanayo Ghuba kwa jina la fagaa, iotayo ndani ya mchanga wa jangwa, haina kofia wala shina. Uyoga kwa asili yake ni halali, na chenye kudhuru ni haramu.

Wa kuogopwa zaidi ni ule wa jamaa ya Amanita, wenye pete shinani na mfuko chini. Baadhi yake huua, na moto wa jiko hauondoi sumu yake. Maumivu huanza baada ya saa 6 au zaidi, kisha hutulia, mgonjwa akadhani amepona, hali ini laharibika. Huyo apelekwe hospitali upesi, hata akisema hajambo, na mabaki ya uyoga yachukuliwe pamoja naye.