Joto Tulilojirudishia

Kila inapoingia Juni huku Oman, simu zetu sisi wahandisi huanza kulia. Swali ni lile lile: mbona jenereta asubuhi ilikuwa nzima, na saa saba mchana imezimika? Safari hii tumeona tuandike yaliyotufika sisi wenyewe.

Kiangazi cha mwaka 2006 tulikuwa na injini mbili za gesi jangwani, mbali na Muscat, zikitoa umeme kwa kambi ya wafanyakazi 200. Zikizimika, viyoyozi vinanyamaza na vyumba vya bati vinageuka tanuri. Kwa wiki nzima moja yao ikawa inazimika kila adhuhuri. Sisi wahandisi wanne, wote wenye shahada za Uingereza, tulibadilisha plagi, tukapima gesi, tukasafisha filta, tukachelewesha cheche kidogo ili injini isigonge. Ikazimika vile vile.

Hesabu tulizijua. Nguvu iliyoandikwa kwenye kibao cha injini kwa kawaida hupimwa hewa ikiwa nyuzi 25. Ikifika 45, hewa huwa nyepesi kwa kiasi cha asilimia 6, na oksijeni hupungua kwa kiasi hicho. Hewa ya moto pia hufanya sehemu ya mchanganyiko wa gesi ilipuke yenyewe kabla moto wa cheche haujaifikia. Huko ndiko kugonga, na kugonga hula pistoni. Pigo kubwa zaidi liko kwenye rejeta. Maji ya injini yakiwa nyuzi 90 na hewa 25, tofauti ni 65. Hewa ikifika 45, tofauti ni 45 tu, na rejeta hupoteza karibu theluthi moja ya uwezo wake. Ndiyo maana injini za huku huchaguliwa kubwa kuliko mzigo wake, na mapezi ya rejeta huoshwa kabla ya kiangazi, maji yakipita kinyume na upepo wa feni.

Rejeta zetu zilikuwa safi.

Palikuwa na fundi mtu mzima, mzaliwa wa Unguja, tukimwita Ami. Cheti hakuwa nacho. Siku ya nane alichukua fimbo, akafunga kipande cha kanga nchani, akasimama nayo kati ya rejeta na ukuta. Kitambaa hakikupepea kwenda nje, kilirudi ndani. Upepo wa moto ulikuwa ukigonga ukuta, ukipanda, kisha ukivutwa tena na feni. Tukaweka kipimajoto: nje ya ukuta nyuzi 46, ndani 56. Tofauti ya 65 ilikuwa imebaki 34.

Ukuta ule tuliujenga sisi, mwezi Machi, kuzuia mchanga. Na siku ile ile ya kuujenga Ami alitwambia, "Wanangu, ukuta huu utatuzibia pumzi." Tulicheka, tukamjibu kwamba michoro imeshapitishwa.

Tulibomoa sehemu ya ukuta, tukatengeneza mkondo wa bati wa kupeleka hewa ya moto juu, na tukapunguza mzigo saa za adhuhuri. Injini haikuzimika tena kiangazi kile.

Ikabaki ripoti. Tuliandika, "Tumegundua." Hatukumtaja Ami, wala hatukusema kwamba alituonya. Mteja alitushukuru, mishahara yetu ikapanda. Yeye aliendelea na wake ule ule mpaka akastaafu, akarudi kwao. Ameshatangulia mbele ya haki, na hatukuwahi kumwomba radhi.

Nyinyi vijana wetu mnaosomea uhandisi huko mliko, hesabu ni lazima mzijue. Lakini mkifika mtamboni, muulizeni kwanza yule anayeshinda na kulala nao. Na mkiandika "sisi" kwenye ripoti, hesabuni vizuri mko wangapi. Sisi tulikuwa watano.