Mtungi Unaoonekana

Hifadhi ya Taifa ya Bonde la Kidepo imo katika pembe ya kaskazini-mashariki mwa Uganda, ikipakana na Sudan Kusini. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1962, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 1,442. Mto Kidepo, ulioipa jina, huwa mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Huko ndiko tulikokwenda wakati wa kiangazi, walimu wanne kutoka Petta, kwa njia ya Mbale, Moroto, Kotido na Kaabong, tukakae siku tatu kwenye mahema.

Katika uwanja tuliopiga kambi hapakuwa na bomba, umeme wala duka. Tulikuwa tumebeba mitungi mitatu ya lita 20, ile ya plastiki ya njano. Hesabu yake ni nyepesi: lita 60 kwa watu wanne kwa siku tatu ni lita tano kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na kunawa. Shirika la Afya Duniani husema mtu huhitaji kati ya lita 50 na 100 kwa siku ili mahitaji yake ya msingi yatimie.

Usiku wa kwanza tuliifunika mitungi kwa turubai nyuma ya gari. Kulipokucha, mmoja wetu aliuinua mtungi akauona mwepesi. "Nani ameoga usiku?" Kila mtu aliapa kuwa si yeye. Chai ikanywewa kimya, na watu waliofundisha pamoja miaka mingi wakawa wanatazamana vikombe. Ndipo mkubwa wetu kwa umri akauliza, "Jamani, maji haya tumeyafunika ya nini?"

Tuliitoa mitungi, tukaiweka kivulini mahali ambapo kila mtu angeiona. Mtungi wa njano hupitisha mwanga, kwa hiyo kimo cha maji huonekana kutoka nje. Kwa kipande cha mkaa tukachora mistari: hapa mwisho wa asubuhi, hapa mwisho wa jioni. Hatukuongeza hata tone, lakini manung'uniko yalikoma. Siku ya tatu yalibaki maji ya kuzimia moto.

Ndugu msomaji, tumezoea kusema kwamba uhaba ndio unaozaa ugomvi. Kule Kidepo uhaba ulikuwa ule ule kabla ya mistari na baada yake. Kilichobadilika ni kwamba kila mmoja alijua kilichopo na kilichotumika.

Nchi yetu imewahi kupata somo hilo kwa kiwango kikubwa zaidi. Uchunguzi wa wachumi wa Benki ya Dunia ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995, shule za msingi za Uganda zilipokea kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku ya matumizi iliyotolewa na serikali kuu kwa ajili yao. Baadaye serikali ilianza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa, na shule zikatakiwa kubandika hesabu mahali pa wazi. Ilipofika mwaka 2001, zaidi ya asilimia 80 ilikuwa ikifika shuleni. Hatua nyingine pia zilichangia, lakini mzazi aliyejua kiasi kilichotumwa alikuwa na la kuuliza.

Ibara ya 41 ya Katiba ya mwaka 1995 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, isipokuwa zile zinazohatarisha usalama au mamlaka ya nchi, au kuingilia faragha ya mtu. Sheria ya mwaka 2005 ikaeleza namna ya kuzipata. Haki hiyo haiishii Kampala. Inafika hadi kwenye ofisi ya tarafa.

Na kijijini je? Pampu ya kisima ikiharibika, wapo wanaokataa kuchanga ilhali fedha wanazo, kwa sababu hawajui mchango wa mwezi uliopita ulikwenda wapi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kamati ya maji isingoje kuulizwa. Iandike kilichoingia na kilichotoka, ikibandike hapo hapo kisimani, watu wasome huku wakingoja zamu ya kuchota.