Flashi Iliyosema Uongo

Nawasimulia aibu yangu ili iwe funzo kwa wengine.

Nilikuwa na flashi ya GB 8. Ndani yake mlikuwa na sauti ya marehemu babu, akieleza jinsi walivyochuma chai kule Katumba. Sauti hiyo haikuwako mahali pengine popote. Jumamosi moja tulikwenda Daraja la Mungu, kwenye mto Kiwira, tukapiga picha. Niliporudi nikataka kuzihifadhi, lakini kompyuta ya Linux ikakataa, ikidai kwamba nafasi imekwisha. Ajabu! Mafaili yangu yote hayakufika GB 2.

Mara nikamshuku mwenzangu wa bweni niliyemwazima flashi hiyo. Nikamwambia mbele za watu kwamba ameijaza sinema kwa siri. Akaapa, sikumsikiliza. Mwingine akanishauri niifute flashi yote. Kidole kilikuwa tayari, nikamkumbuka babu, nikaenda kwa mwalimu.

Kwanza mwalimu alinakili sauti ya babu kwenye kompyuta. Kisha akaandika amri ya du, inayojumlisha ukubwa wa mafaili, na df, inayoonyesha nafasi iliyosalia. Hesabu hazikupatana. Akatafuta folda iliyofichwa ya takataka, maana vitu vilivyofutwa huweza kukaa humo vikila nafasi, haikuwapo. Basi akanieleza kwamba flashi ya mtindo wa FAT32 hujiandikia hesabu ya nafasi iliyo wazi, na Linux ikipangwa hivyo huiamini. Flashi ikichomolewa ghafula, hesabu hiyo huweza kubaki na kosa.

Akahakikisha jina la flashi kwa amri ya lsblk, akaitenga kwa umount, akaandika:

sudo fsck.vfat -a /dev/sdb1

Kompyuta ikahesabu upya, ikasahihisha. Tulipoifungua tena, zaidi ya GB 5 zilikuwa wazi.

"Nani aliichomoa bila kuiaga kompyuta?" mwalimu akauliza.

Ni mimi, siku ile mvua yetu ya Tukuyu ilipoanza kunyesha, nami nikakimbilia bwenini.

Jioni ile nilimwomba mwenzangu radhi mbele ya wale wale waliosikia nikimtuhumu. Alinisamehe, ila tangu siku hiyo haniazimi kitu. Hesabu ya flashi ilisahihishwa kwa dakika chache. Neno langu bado. Wahenga walisema kweli: heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.