He au she? Sehemu ya 6
Mama zangu wa Qurus na kwingineko, leo najisema mwenyewe.

Sisi manesi tunaongea na nyie Kiswahili, ila faili tunaandika Kiingereza. "Yeye" wetu ni wa kike na wa kiume pia. Kiingereza hapana: mvulana ni "he", msichana ni "she". "Yake" ya mvulana ni "his", ya msichana ni "her".

Usiku mmoja nilipokea mapacha. Doto, wa kike, ndiye mgonjwa. Kulwa alikuja kunyonya tu. Nikaandika "he". Asubuhi mwenzangu akamfuata Kulwa na sindano. Mama yao akadakia: "Nesi, anayeumwa ni dada yake!"

Niliishiwa nguvu. Siku hizi naanza na jina. Na wewe mama, kabla mwanao hajachomwa, uliza: hiyo sindano ya nani?