Video Zetu za Unga wa Uji, na Picha Tuliyoikataa

Wengi wenu mmetuuliza, sokoni na hata siku za likelemba, inakuwaje unga wetu wa uji unafika Himbi na Katindo wakati sisi tuko huku Kibati, chini ya mlima, na duka hatuna. Tunapiga video kwa telefone, tunaziweka kwenye WhatsApp na Facebook, basi. Lakini kwa kuwa wengine wamejaribu na wakachoka baada ya wiki mbili, tumeona tueleze vizuri, kwa sababu shida kubwa haikuwa telefone.

Tunachouza ni unga wa mahindi, soya na mtama. Anayenunua ni mama mwenye mtoto aliyepita miezi sita, ameanza kula, na mama wa namna hiyo haamini mtu kwa urahisi. Ana haki. Ameshakuta unga wenye mchanga, ameshakuta mahindi yaliyoota ukungu yakasagwa hivyo hivyo. Akisikia unga unatoka Kibati anaongeza swali lingine: mnaosha nafaka kwa maji gani? Kila mtu anajua huku kwetu ni mawe ya volkano matupu, mto hakuna, tunakinga mvua kwenye mabati au tunanunua maji kwa bidoni. Zamani tulikuwa tunajibu kwa mdomo, na maneno ya muuzaji yana uzito gani? Siku tulipoonyesha bidoni, beseni, na mahindi yanasuuzwa mara tatu mpaka maji yametoka safi, swali lile lilipungua.

Hapo ndipo tulipoelewa kazi ya video. Mnunuzi anataka kuona kile ambacho angekiona kama angekuja kusimama jikoni kwetu.

Video iliyotuletea wateja wengi kuliko zote ni ya kukaanga soya, na haina uzuri wowote. Ni kikaango, mkaa na mwiko. Soya mbichi inasumbua tumbo la mtoto, tena inazuia mwili wake kutumia vizuri nguvu ya chakula, kwa hiyo lazima ipate moto wa kutosha kabla ya kusagwa. Mama mmoja wetu anachukua punje, anaipasua katikati, anaisogeza karibu na telefone ili rangi ya ndani ionekane. Kama ndani bado ni mbichi, anairudisha na anaendelea kukoroga. Watu waliituma kwa jamaa zao wenyewe, wengine hawakununua kwetu hata kilo moja, walijifunza tu kukaanga soya nyumbani kwao. Hatukukasirika. Mmoja wao alirudi baada ya mwezi, akasema kazi ni nyingi, afadhali anunue.

Mambo madogo madogo: tunapiga asubuhi mapema, jua halijawa kali na malori ya barabara ya Rutshuru hayajaanza kelele. Bei na mahali pa kuchukua mzigo tunavisema mwanzoni kabisa, maana mtu mwenye mega chache hatangoja mwisho. Hatupiti dakika moja. Video ndefu inamla mega mwenye kutuma na mwenye kutazama, na mteja akishaona unammalizia mega hafungui tena. Kile unachoweka kwenye statasi ya WhatsApp kinaondoka baada ya saa 24, kwa hiyo tumegawana siku, kila mmoja na siku yake ya kuweka. Na tunaongea Kiswahili chetu cha kila siku. Mwanzoni mwenzetu mmoja alitaka Kifaransa cha redioni, akashindwa kumaliza sentensi kwa kucheka.

Sasa tuseme ile habari iliyotugawanya.

Kijana mmoja anayejua mambo ya video alikuja kutusaidia, na tunamshukuru, ametufundisha mengi. Alitazama video zetu akasema hazigusi moyo. Akashauri tutafute mtoto aliyekonda, tumpige picha, kisha tuweke pembeni yake picha ya mtoto mnene na maneno kwamba huu ndio unga uliomponya. Alisema ukurasa ungejaa watu kwa siku moja. Huenda alisema kweli.

Baadhi yetu walikubali. Walisema watoto wetu wenyewe wana njaa, na aibu hailipi karo. Si neno la kudharau. Tulikaa nalo jioni nzima.

Lakini sisi wa hapa tunajua kupigwa picha kuliko watu wengi. Mwaka 2008, wakimbizi wa vita kutoka upande wa Rutshuru walipojaa hapa Kibati, kamera zilikuja na picha zikazunguka dunia. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulipotema moto na barabara ikakatika, zikarudi. Kuanzia mwisho wa 2022, mahema yalipotanda Kanyaruchinya, vivyo hivyo. Wako kati yetu waliowahi kupigwa picha wakiwa wamebeba mtoto mgongoni na bidoni mkononi, na hadi leo hawajui picha ile iko wapi. Mmoja wao ndiye aliyesema maneno yaliyomaliza mjadala: mtoto huyo wa kwenye video atakua, na siku moja atakutana na uso wake. Tutamwambia tulipata kilo ngapi?

Tena ni uongo. Unga wa uji ni chakula. Mtoto aliyevimba miguu au aliyekonda mpaka mbavu zinahesabika anahitaji kituo cha afya siku hiyo hiyo, na mama akiamini video yetu atakaa nyumbani akipika uji huku mtoto anamalizika. Hapo hakuna aliyebishana tena. Kijana alielewa, na ndiye anayetukatia video mpaka leo.

Kwa hiyo video zetu hazina mtoto hata mmoja, wala mlango wa nyumba ya mtu. Mama ambaye mume wake hapendi uso wake utembee mtandaoni tunaonyesha mikono yake tu. Wawili kati ya waume hao wamelegea tangu waone pesa ya unga imenunua mabati, lakini wake zao wameamua mikono inatosha.

Upande wa pesa, mabanki ya Goma yalipofungwa mwisho wa Januari 2025, malipo kwa telefone yalibaki njia kubwa kwetu, na kutoa pesa taslimu kulikuwa na makato yake. Tuliyaweka ndani ya bei na tukasema wazi kwenye video kwa nini bei imepanda. Mteja mpya analipa nusu kabla motari hajaondoka na mzigo, nusu akishaufungua na kuupima. Kuna wateja tuliowapoteza kwa sheria hiyo. Bado tunaishika.

Wiki ijayo tukipata jua tutapiga video ya kupepeta mtama juu ya bashi. Upepo wa huku unaharibu sauti, kwa hiyo tutahamia nyuma ya ukuta wa mawe. Mwenye ungo mkubwa atuazime, tutaurudisha jioni ile ile.